Usipoziba Ufa: Somo la Kutunza Zumari



Mwaka jana nilitembelea kikundi kimoja cha ngoma upande wa Msambweni. Walikuwa wamealikwa kucheza sengenya katika hoteli moja Diani, na pesa walishazipangia kazi: nusu iingie kwenye mfuko wa kikundi, nusu wagawane. Siku mbili kabla, mzee wa zumari alipuliza arusini usiku kucha, kisha asubuhi akaianika zumari juani ikauke. Kufika jioni ina ufa, kutoka tundu la kwanza mpaka la tatu. Ukipuliza, upepo mtupu! Bila zumari sengenya haina kiongozi. Safari ikafutwa na pesa zikaenda.

Wengine walisema ati ni kijicho cha watu. Mimi nasema, tuuangalie mti kwanza.

Kwa nini mti hupasuka?

Mti hunywa maji na huyatoa. Ukinywa huvimba, ukikauka husinyaa. Shida inakuja pale upande mmoja unapovimba na mwingine unasinyaa. Ukipuliza, pumzi na mate hulowesha zumari kwa ndani, huku nje ni kukavu. Ndani kunasukuma, nje hakuna nafasi, basi panapasuka.

Sio sisi peke yetu. Klarineti, ile zumari nyeusi ya bendi, hutengenezwa Ulaya kwa mpingo unaotoka Tanzania na Msumbiji. Mpingo ni mzito hata huzama majini, lakini nao hupasuka vile vile. Kwa hiyo ugumu wa mti sio dawa. Dawa ni matunzo.

Kuzuia

1. Mti ukauke kabla ya kuchongwa. Pakeni nta au rangi kwenye ncha zote mbili, maana hapo ndipo maji hutoka haraka. Uwekeni kivulini, juu ya vijiti, upepo upite. Upimeni kwa mizani kila mwezi. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Mti mgumu huchukua miezi mingi, hata miaka.

2. Zumari mpya isipulizwe kutwa. Wiki ya kwanza dakika kumi kwa siku zatosha. Ongezeni kidogo kidogo kwa mwezi mzima.

3. Kila baada ya kupuliza, ifuteni ndani. Fungeni kitambaa kwenye uzi, mkivute kipite toka juu hadi chini.

4. Msiianike juani, wala kuiweka juu ya bati au karibu na jiko. Ikae ndani ya mfuko wa kitambaa. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, muwe waangalifu zaidi.

5. Mara moja moja ipakeni mafuta ya nazi kidogo sana, ikiwa imekauka, kisha mfute yanayobaki. Oili ya gari msiitumie kabisa, chombo hiki kinaingia mdomoni.

Ikiwa imeshapasuka

Acheni kuipuliza siku hiyo hiyo. Msiiloweke majini ati ufa ujifunge. Ipumzisheni kivulini na mtie alama ya penseli mwisho wa ufa, mjue kama unaendelea.

Ufa mdogo ambao haujafika kwenye tundu, jazeni unga laini wa mti huo huo na gundi kali ya matone. Ikikauka, pigeni msasa. Gundi isikaribie sehemu ya mdomo.

Ufa mrefu, zibeni kwa nta ya nyuki, kisha mzungushe uzi wa nyavu na kuukaza sana. Hii ni ya kusogeza siku tu. Mafundi wa klarineti hufunga pete ya chuma. Fundi mzuri wa vyuma anaweza kuwajaribia.

Kikundi kile waliifunga kwa uzi, wakaendelea na arusi za jirani, na kutokana na pesa hizo wakachongesha zumari ya pili. Sasa wana kanuni moja: anayepuliza ndiye anayefuta, kabla hajala.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Vyombo vyetu vinakaa kwa nani, na vinawekwa wapi?
2. Nani hapa kwetu anajua kuchonga zumari? Ni vijana wangapi wanajifunza kwake?
3. Mti mmoja wa mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Tunakata miti gani, na tumepanda mingapi?