Kipupwe: Baridi ya Alfajiri na Jiko la Mkaa Chumbani

Katika somo letu la leo tutazungumzia kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, na madhara yake kwa afya ya familia zetu za Shinyanga na Geita.

Utabiri unatuambia nini?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa kila kanda, na utabiri wa kila siku husikika redioni. Ukisikia kwamba joto la usiku litakuwa "chini ya wastani", maana yake ni baridi kuliko ile iliyozoeleka kwa miaka mingi katika sehemu hiyo. Kumbuka pia kwamba nyuzi zinazotajwa hupimwa kwa kipimajoto kilichomo ndani ya kisanduku chenye kivuli, kilichoinuliwa kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu ardhi yenyewe huwa baridi zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayelala chini, ndani ya turubai, hupata baridi kuliko iliyotangazwa.

Nawe unaweza kuangalia mwenyewe. Jioni ikiwa mbingu ni nyeupe na upepo umetulia, tarajia alfajiri ya baridi, kwa sababu mawingu ndiyo blanketi la ardhi. Saa ya baridi kali ni karibu na jua kuchomoza. Walio mabondeni huipata zaidi, kwani hewa baridi ni nzito na hushuka. Walio karibu na Ziwa Victoria hupata nafuu, kwa kuwa maji hutunza joto la mchana. Shinyanga iko mbali na ziwa, hivyo mchana jua ni kali na usiku baridi huingia upesi.

Hatari iliyojificha

Baridi hii si ya kuua mtu mzima mwenye shuka. Kinachoua ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kuleta joto. Wengi husema: "Mkaa umeshashika, hauna moshi, hauna neno." Hili ni kosa kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke tena.

Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na Mwakitolyo wazingatie haya zaidi, kwani turubai lililofungwa pande zote halipitishi hewa. Jenereta au pampu ya mafuta ikiwashwa ndani ya shimo hutoa sumu hiyo hiyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wameugua kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko. Fungua milango, watoe wote nje, kisha wawahishe hospitali. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Tufanye nini?

1. Jiko libaki nje, hata likiwa na makaa machache. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

2. Maji ya udhu ya alfajiri yachemshwe jioni huko nje na yahifadhiwe kwenye chupa ya chai. Mzee na mtoto wasilazimike kuwasha moto ndani.

3. Watoto wavalishwe soksi na kofia, na walale juu ya godoro au mkeka mnene, si sakafuni.

4. Vumbi la kipupwe huchochea pumu na kikohozi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Anayefanya kazi kwenye karasha abadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba wakati watu wamelala. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Basi usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, hakikisha jiko liko nje.