Ndoo Mbili Jikoni: Namna ya Kutenga Taka za Nyumbani

Ndoo ya taka ya nyumba nyingi ikimwagwa chini huonesha jambo lile lile: sehemu kubwa ya uzito wake ni mabaki ya jikoni. Kuna maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mashina ya mchicha, na papai lililooza upande mmoja. Katikati yake zimelala chupa za plastiki, makopo na karatasi, vyote vimeloa na kunuka. Maganda yale yangeweza kuwa mbolea, na chupa zile zingeweza kuuzwa. Kwa kuchanganywa, vimeharibiana. Kwa sababu hiyo somo la toleo hili halianzii jalalani wala kwenye gari la taka. Linaanzia jikoni, pale mpishi anaposhika ganda mkononi na kuamua aliweke wapi.

Kinachohitajika ni vyombo viwili. Ndoo yenye mfuniko iwe ya taka zinazooza. Kiroba au ndoo nyingine iwe ya taka kavu. Taka za hatari, zitakazoelezwa baadaye, haziingii katika chombo chochote kati ya hivyo viwili.

Mkazi aweza kuuliza: ikiwa taka zinaoza zenyewe, kwa nini zisiende tu jalalani? Zikifukiwa pale chini ya taka nyingine hukosa hewa, na uozo usio na hewa huzaa methani, gesi inayoshika moto na yenye nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa katika kuongeza joto la dunia. Maji meusi yanayochuruzika kutoka humo hupenya ardhini. Juu ya hayo yote, kusafirisha maganda yenye maji ni kulipia mafuta ya gari ili kubeba maji.

Njia iliyo bora ni kutengeneza mboji uani. Mwandishi wa makala haya alijaribu mara ya kwanza kwa kujaza shimo kwa mabaki ya jikoni peke yake, na baada ya wiki mbili majirani walikuja kulalamika, nao walikuwa na haki. Kosa lilikuwa kukosekana kwa vitu vikavu. Kila ndoo moja ya mabaki mabichi ifunikwe kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu, maranda ya mbao au maboksi yaliyochanwa. Lundo lenye upana na kimo cha karibu mita 1 hutunza joto vizuri. Ndani yake joto laweza kupita nyuzi 55, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Ligeuzwe mara moja kwa wiki ili hewa iingie. Ili kupima unyevu, kamua konzi moja mkononi: yakidondoka matone machache, lundo lina afya; maji yakitiririka, ongeza vikavu; likikatika kama vumbi, nyunyiza maji. Likitunzwa hivyo, baada ya miezi miwili au mitatu huwa udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa visiwekwe, maana huita panya. Asiye na ua atumie kiroba au ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu pembeni na chini.

Kuhusu kutumia tena, jamii yetu haikuwa na haja ya kufundishwa. Mafundi wetu walifua vibatari kutokana na makopo, wakashona katambuga kutokana na matairi. Neno moja la tahadhari latosha: dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu au magugu lisitumike kamwe kuhifadhia maji au chakula, hata likisuuzwa mara ngapi. Litobolewe ili mtu mwingine asishawishike kuliokota.

Taka kavu zina wanunuzi. Chupa za plastiki, vyuma chakavu, makopo ya alumini na maboksi huokotwa na kuuzwa na watu wanaopita mitaani mwetu kila asubuhi. Alumini ina thamani ya pekee: kuiyeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa katika madini yake. Suuza chupa, ibonyeze, uifunge kizibo; kopo nalo lisuuzwe na kukaushwa. Mwokotaji akipewa kiroba kilicho safi halazimiki kupekua uchafu kwa mikono mitupu.

Mifuko laini ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine vya plastiki vingali vingi. Wengi huvichoma jioni pembeni ya nyumba. Moshi huo si sawa na moshi wa kuni. Baadhi ya plastiki, hasa ile ya mabomba na nyaya za umeme, zikiungua hutoa sumu ambazo watoto huzivuta wakiwa wamelala. Kuvitupa mtaroni nako ni kuyaandalia mafuriko njia ya kuingia sebuleni msimu wa masika. Vikaushwe, vikusanywe, vipelekwe kizimbani.

Zimebaki taka za hatari. Betri za tochi na simu zisitupwe motoni wala chooni. Huweza kulipuka, na metali zake hudhuru maji ya visima. Betri ya gari ina risasi na tindikali: irudishwe kwa muuzaji au fundi, isipasuliwe nyumbani. Taa za tyubu zina zebaki. Ikivunjika moja, watoe watoto chumbani na kufungua madirisha kabla ya kuokota vipande. Dawa zilizopitwa na muda ulizia katika kituo cha afya kilicho karibu. Wembe, vioo vilivyovunjika na sindano viwekwe katika dumu gumu lenye kizibo, si katika kiroba, kwa kuwa mzoa taka hukibeba kiroba begani na hajui kilichomo. Dumu likijaa robo tatu, lifungwe kwa utepe, liandikwe HATARI kwa herufi kubwa, na akabidhiwe mwenyewe mkononi kwa maelezo ya yaliyomo. La sindano lisikabidhiwe kwake. Lipelekwe kituo cha afya.