Askari Polisi Mbele ya Mgonjwa wa Akili

Mwaka 1987, katika mji wa Memphis, Marekani, polisi waliitwa kwa kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa akijikata kwa kisu. Walimwamuru akitupe, akazidi kuchafukwa, akawakimbilia, wakampiga risasi, akafa.

Tuchunguze sababu. Mtu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili huweza kusikia sauti zisizokuwapo. Amri ya askari humfikia ikiwa imechanganyika nazo. Kelele na silaha humzidishia hofu: moyo humwenda mbio, na uwezo wa kupima mambo hupungua. Hivyo amri imtiishayo mhalifu mwenye akili timamu yaweza kumchochea mgonjwa.

Mwaka 1988 mji huo uliunda kikosi maalumu. Askari wanaojitolea hufunzwa kwa muda wa saa 40 na wataalamu, na pia na wagonjwa wenyewe na jamaa zao. Hujifunza kusema polepole, kutomsogelea mtu kwa ghafla, na kumpeleka kwenye matibabu badala ya mahabusu. Utaratibu huo umeigwa na miji mingi.

Zoezi: Eleza jinsi umbali wa hatua chache unavyompunguzia hofu mgonjwa, na askari pia.