Fedha ya Siku 60



Kila mwaka, ifikapo Oktoba, mtaa wetu huwaaga vijana waendao vyuoni. Twachanga nauli, akina mama hutoa mashuka na ndoo, na wazee huwaasa wasome kwa bidii. Jambo moja hatuwafundishi, nalo ni namna ya kukaa na fedha. Nyumbani kijana alitumwa dukani na noti moja akarudi na chenji. Sasa atashika kwa mkupuo fedha ambazo pengine hata baba yake hajapata kuzishika, naye yuko mbali, wala hakuna wa kumwuliza. Somo la mwezi huu ni lake, na pia la mzazi atakayepigiwa simu usiku katika wiki ya sita.

Kwanza tuelewe fedha hizi zinavyokuja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Ada huenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi haioni. Fedha ya chakula na malazi ndiyo humfikia mwenyewe, kwa awamu, baada ya kuthibitisha kwamba yupo chuoni. Wanafunzi huiita bumu, na jina lenyewe lina kishindo. Shida yake ni hii: tumbo hudai kila siku, lakini fedha huja mara moja, kisha ni kimya kwa wiki nyingi.

Tufanye hesabu pamoja. Mwenye kalamu na aichukue. Tuseme binti amepokea shilingi 600,000 za siku 60. Akizitazama hivyo ni nyingi. Lakini chumba cha kupanga ni 50,000 kwa mwezi, basi miezi miwili ni 100,000. Nauli ya daladala aweke 60,000. Kutoa nakala za masomo, sabuni, vocha na sadaka, 40,000. (Sadaka iingie katika hesabu tangu mwanzo, maana ikisubiri mabaki haitapatikana.) Kwa ajili ya homa ya ghafla, 40,000 zisiguswe. Zimebaki 360,000. Gawanya kwa siku 60: ni 6,000 kwa siku, chai, mchana na jioni. Hiyo 6,000 ndiyo fedha yake halisi, wala si zile laki 6.

Sasa tuone wiki ya kwanza amevutiwa na simu mpya ya 250,000. Fedha ya chakula imebaki 110,000. Akiendelea kula kwa 6,000, siku ya 18 amekwisha, na mbele yake kuna siku 42. Huyu si mwizi wala mlevi; alinunua kitu kimoja tu. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilinunua redio wiki ya kwanza. Wiki ya saba niliiuza kwa mwenzangu kwa nusu ya bei, naye akaipiga chumba cha pili mpaka tunafunga chuo.

Njia iliyonisaidia baadaye ni nyepesi. Siku fedha inapoingia, lipa chumba siku hiyo hiyo. Iliyobaki iache mahali pasipo rahisi kufika, na kila Jumatatu toa ya wiki moja tu, yaani 42,000 za chakula kwa mfano wetu. Ikiisha Ijumaa, njaa ya Jumamosi itakufundisha kwa siku mbili, badala ya kukufundisha kwa siku 42. Na chuo kikiruhusu kupika, wanne wanunue mchele na maharage sokoni kwa pamoja, maana wali wa kwa mama ntilie kila siku humaliza fedha upesi.

Anayeishiwa hukimbilia kukopa, na hapa vijana huchanganya madeni mawili yasiyofanana. Deni la bodi hulipwa mtu akiisha kuajiriwa: mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani mwenye 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi. Ni kubwa, lakini humngoja mtu apate mshahara, na ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021. Lile la mtaani, ambalo watu wameliita kausha damu, halingoji. Anayekopa 50,000 na kurudisha 65,000 baada ya mwezi amekula siku mbili na nusu za chakula chake pasipo kutia kitu kinywani. Tena atailipa kwa bumu lijalo, ambalo nalo litapunguka, naye atakopa tena.

Wazazi nasi tuna kosa letu, na ni afadhali tuliseme. Tukisikia fedha zimetoka, twampigia kijana simu: mdogo wako hana sare, bati limevuja, tuma 50,000. Mtoto mwenye heshima hawezi kukataa. Atatuma, naye hatatuambia kwamba ametuma chakula cha siku nane. Mimi naona kipindi hicho tusimwombe kabla hatujamwuliza mambo yake yakoje. Zaidi ya hayo, mwanzoni mwa mwaka fedha huweza kuchelewa, kwa hiyo asiondoke nyumbani na nauli peke yake. Apewe ya kula kwa wiki 3 au 4, hata kama itabidi kupunguza sherehe ya kumwaga.

Kabla ya Oktoba, kaeni mezani na karatasi. Chumba anakokwenda ni kiasi gani, na hulipwa kwa miezi mingapi mbele? Nauli ya kwenda na kurudi kila siku? Akiishiwa, ni nani katika ukoo anayeweza kumwambia bila woga, kabla hajamwendea mkopeshaji? Jina la mtu huyo liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na mwenyewe apewe habari.