Oksijeni moja katikati: somo fupi la kishada cha zinki



Wenzetu wengi wa kemia wanaogopa vishada vya metali na oksijeni wakidhani ni maumbo ya kukariri. Leo nawaletea kimoja kinachohitaji kuhesabu tu. Ndicho nguzo ya MOF-5, iliyotangazwa mwaka 1999 na kundi la Omar Yaghi, mzaliwa wa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson.

Umbo: Weka oksijeni 1 katikati. Izungushie zinki 4 ziwe kona za piramidi yenye nyuso 4 za pembetatu. Hesabu kingo zake: ni 6. Kila kaboksilati ina oksijeni 2. Moja hushika zinki ya mwanzo wa ukingo, ya pili hushika zinki ya mwisho wake. Kingo 6, kaboksilati 6.

Chaji: Zinki 4 zina +8. Oksijeni ya katikati ina −2, kaboksilati 6 zina −6. Jumla ni sifuri.

Kaboksilati hizo hutazama juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Kwa hiyo ukitumia asidi tereftaliki, yenye kaboksilati kila ncha, vishada huungana vikawa kimia cha michemraba chenye nafasi kubwa za kuhifadhia gesi.

Utengenezaji: Zinki nitrati na asidi tereftaliki huyeyushwa katika DMF, chombo kikafungwa na kupashwa moto kwenye nyuzi 100 hivi kwa takribani siku moja. DMF huvunjika polepole na kutoa amini, nayo huondoa protoni za asidi. Oksijeni ya katikati hutoka kwenye maji kidogo yaliyomo. Usiharakishe: ukimimina besi yote mara moja, utapata unga badala ya fuwele kubwa.

Tahadhari: Maji hayo hayo yakizidi hubomoa. Unyevu wa hewa hukata vifungo vya zinki na oksijeni, kwa hiyo hifadhi fuwele pakavu.

Zoezi: Kishada kingine kina ayoni 3 za chuma zenye +3 kila moja, oksijeni 1 katikati, asetati 6 na molekuli 3 za maji. Chaji yake ni ngapi? Ukipata +1, somo umelielewa. Mfundishe na mwenzako.