Je, Yafaa Mtoto Atuzwe kwa Kutokosa Shule?

Siku ya kugawa zawadi ifikapo katika shule za msingi, watoto waliopata alama za juu huitwa kwanza, kisha wanamichezo, kisha wenye usafi. Katika shule nyingine huitwa pia mtoto ambaye rejista haikumwonyesha kuwa amekosa hata siku moja tangu Januari. Hupewa madaftari, au beseni, au sahani, na akina mama humpigia vigelegele. Jambo hili laonekana kuwa jema, wala hakuna awezaye kumlaumu mwalimu aliyelianzisha. Hata hivyo lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa zawadi nayo ni fundisho, na mtoto hujifunza kwa zawadi upesi kuliko ajifunzavyo kwa maneno. Katika somo la juma hili twauliza: je, zawadi hiyo humleta shuleni yule asiyekuja, au humsifu tu yule ambaye angalikuja vivyo hivyo?

Twauliza hasa kwa ajili ya wazazi na walimu wa Kaunti za Migori na Homa Bay, nchi ile ambayo wazee wangali wakiiita Nyanza ya Kusini, kwa maana huko sababu za mtoto kukosa shule ni nyingi, na baadhi yake hazifanani na za mahali pengine.

Zamani mtoto aliyekosa shule alipokewa kwa kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Januari ya mwaka 2003 karo ya shule za msingi za Serikali iliondolewa, na watoto wakafurika madarasani. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliyomlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni. Sheria hiyo yamwagiza mwalimu mkuu, aonapo mtoto hayupo, achunguze sababu. Neno hilo “achunguze” msomaji alishike, maana tutalirudia.

Basi na tuanze na sababu zenyewe. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi hupenda usiku wa giza, kwa kuwa mwezi ung’aapo omena hawaifuati taa vizuri. Kwa hiyo katika vijiji vya kando ya ziwa, tangu Kendu Bay hadi Mbita, na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na upande wa Migori huko Karungu na Muhuru, kazi ya ufuoni huongezeka na kupungua pamoja na mwezi. Mwalimu aliye mwangalifu aweza kuiweka rejista yake karibu na kalenda ya mwezi, aone kama wavulana wake wa madarasa ya juu hawapungui siku za giza. Mvulana aliyekesha akivuta nyavu, au msichana aliyeamka alfajiri kuanika omena, hupata fedha zake mkononi kabla kengele ya shule haijalia. Je, madaftari manne ya mwezi wa Novemba yatamvuta huyo? Fedha za ufuoni hulipwa leo, nayo zawadi ya shule hulipwa baada ya miezi kumi.

Huko Nyatike mambo ni hayo hayo, ila mahali pa samaki pana dhahabu. Tangu zama za mgodi wa Macalder watu wa huko wameijua thamani ya mawe yale, na hata baada ya kampuni kubwa kuondoka, wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba kwa mikono. Watoto huchukuliwa kubeba mawe, kuyaponda na kuyaosha, na wengine hushika zebaki kwa vidole vitupu, jambo la hatari kubwa kwa ubongo na viungo vya mtoto. Upande wa Kuria kazi ya tumbaku huwahitaji watoto wakati wa mavuno. Na mto Kuja ufurikapo huko chini karibu na ziwa, njia ya shule hugeuka kuwa maji, na pengine shule yenyewe pia.

Lakini kuna sababu mbili ambazo kwazo hata mtoto mwenye bidii na mzazi mwema hawana la kufanya. Ya kwanza ni malaria. Nchi zilizo kando ya ziwa ndizo zenye malaria nyingi kupita sehemu zote za Kenya. Ndiyo sababu chanjo ya malaria ilipoletwa Kenya kwa majaribio, ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba, 2019, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa. Mtoto mwenye homa kali mahali pake ni zahanati, wala si dawati. Ukimwahidi beseni endapo hatakosa hata siku moja, umemfundisha kuificha homa. Na kama ugonjwa wake ni surua, hataificha peke yake, atawagawia wenzake.

Ya pili huzungumzwa kwa sauti ya chini. Kaunti ya Homa Bay kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile zilizoumizwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini. Wako watoto waliozaliwa navyo, ambao leo wakinywa dawa zao ipasavyo hukua, husoma na kucheza kama wengine. Lakini lazima waende kliniki kwa siku zilizowekwa, na mara nyingi kliniki hufunguliwa siku zile zile ambazo shule hufunguliwa. Mtoto huyo hawezi kamwe kupata zawadi ya mahudhurio kamili. Kibaya zaidi, wenzake wataanza kuhesabu siku zake na kuuliza kwa nini hukosa. Mwalimu aliyetaka kumfurahisha mtoto mmoja amemfunulia mwingine siri yake mbele ya darasa.

Sasa tutazame yale yaliyokwisha kujaribiwa, kwa maana katika jambo hili hatuhitaji kubahatisha. Wilaya ya Busia, ambayo nayo iko karibu na ziwa, ilifanyiwa majaribio mengi ya elimu tangu miaka ya 1990. Mmoja wa wataalamu wake alikuwa Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Jaribio moja lahusu zawadi ya kuhudhuria, ingawa aliyetuzwa hakuwa mtoto bali mwalimu wa watoto wadogo wa chekechea. Ilitangazwa ya kuwa mwalimu atakayehudhuria vizuri atapewa baiskeli mwisho wa muhula. Kuweka hesabu ya siku alikabidhiwa mwalimu mkuu. Tena, kama mwalimu hakustahili, fedha zile zilibaki shuleni zitumiwe kwa jambo jingine la faida. Kwa hiyo shule haikupata hasara yo yote kwa kusema kweli. Jambo gani likatokea? Katika shule zote walimu wakuu waliandika ya kuwa walimu walihudhuria siku za kutosha, na wote wakapata baiskeli. Lakini watafiti walipopita shuleni bila kutoa taarifa, wakawahesabu kwa macho yao, waliona ya kuwa kukosa kazini hakukupungua hata kidogo.

Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Walimu wakuu wale hawakuwa wezi. Walikuwa majirani. Waliishi na walimu wao mahali pamoja, wakazikana, wakakopeshana, na mtu ataliandikaje neno litakalomnyima jirani baiskeli? Rejista yetu ni kitabu cha kweli maadamu haimpi wala haimnyimi mtu kitu. Siku itakapoanza kugawa mabeseni, itaanza kuombwa msamaha. Mama atakuja kumwambia mwalimu, “Mwalimu, siku ile ya matanga ya babu yake, tafadhali usiiandike.” Naye mwalimu atakuwa mtu wa namna gani akikataa?

Msomaji asiseme ya kuwa udhaifu huu ni wetu sisi peke yetu. Huko California, nchini Marekani, watafiti waliwachagua wanafunzi zaidi ya 15,000 ambao kila mmoja alikuwa ameumaliza walau mwezi mmoja bila kukosa. Baadhi waliambiwa mapema ya kuwa wakiumaliza mwezi fulani bila kukosa watapewa hati ya sifa. Wengine walipewa hati ghafula, kwa ajili ya mwezi uliokwisha pita. Wengine hawakupewa wala kuambiwa neno. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yaliwashangaza hata watafiti wenyewe. Ahadi ya hati haikuongeza mahudhurio. Na wale waliopewa hati ghafula walikosa shule zaidi katika mwezi uliofuata kuliko wale ambao hawakupewa kitu! Yaonekana walifikiri hivi: kumbe nimehudhuria kupita wenzangu, na kupita hata shule ilivyotazamia; basi siku moja ya kupumzika haina neno.

Katika mtaa wa watu maskini huko Ahmedabad, India, watoto waliahidiwa penseli na kifutio wakihudhuria siku nyingi za kutosha katika muda wa majuma machache. Walikuja, maadamu zawadi ilikuwako. Ilipokwisha, wale waliokuwa wakikosa sana tangu mwanzo walirudi nyuma kuliko walivyokuwa kabla. Walikuwa wamefundishwa ya kuwa shule ni kazi ya kulipwa penseli, na penseli zilipokoma nao wakaacha kazi.

Pamoja na hayo tusizihukumu zawadi zote. Busia hiyo hiyo, mwaka 2001 na 2002, wasichana wa darasa la sita walishindania msaada wa masomo: waliofanya vizuri katika mtihani walilipiwa shule shilingi 500, na jamaa zao wakapewa shilingi 1,000 za kununua mahitaji ya shule, tena wakasifiwa mbele ya wazazi na viongozi. Humo Busia mahudhurio yaliongezeka, na walimu nao wakaanza kuja kazini zaidi. Tofauti ni nini? Kwanza, zawadi haikuwa ndogo; ilikuwa kitu ambacho mzazi maskini alikihitaji. Pili, mtihani ulisahihishwa mbali na jirani. Tatu, zawadi ilitolewa kwa kujifunza, si kwa kukalia dawati.

Tena kuna majaribio mawili ya mahali hapo yasiyokuwa na zawadi ndani yake. Watoto walipopewa dawa za minyoo shuleni, tangu mwaka 1998, kukosa shule kulipungua kwa robo moja hivi. Na watoto walipopewa sare bure, walikosa siku chache kuliko wenzao wasiopewa. Dawa na sare havimwambii mtoto kuwa yeye ni bora kuliko jirani yake. Vyaondoa jiwe njiani, basi.

Kwa maoni yetu, zawadi ya kutokosa hata siku moja haifai kwa shule za Migori na Homa Bay. Humpa aliyekwisha kuwa nacho, humshawishi mgonjwa aje na homa yake, na humjaribu mwalimu katika ukweli. Lakini twajua walimu watauliza, “Je, tusimtuze mtu?” Watuzeni, ila badilisheni kitu kinachotuzwa. Mtuzeni mtoto aliyekosa siku kumi na tano muhula wa kwanza akakosa tatu muhula wa pili. Mtuzeni mvulana aliyetoka ufuoni akarudi darasani. Mtuzeni msichana aliyejifungua akarudi kusoma, kwa maana Serikali ilitoa mwongozo wa jambo hilo mwaka 1994 na kuutengeneza upya mwaka 2020, wala hakuna sheria ya kumfungia mlango. Najua wako watakaonung’unika kama yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu: kwamba yeye hakuondoka kamwe, wala hakuchinjiwa hata mbuzi. Manung’uniko yake yana haki ndani yake. Basi naye asisahauliwe. Aambiwe neno jema na mwalimu wake mara kwa mara, wala asingojeshwe mpaka mwisho wa mwaka.

Wengine hupendekeza darasa zima litunzwe pamoja. Mimi siliafiki hilo. Watoto thelathini waliokosa zawadi kwa sababu ya mmoja aliyelala na malaria hawatamwonea huruma, watamngoja njiani.

Sharti jingine ni kwamba ruhusa ya kweli isihesabiwe kuwa kosa. Mgonjwa aliyepelekwa zahanati, aliyefiwa, aliyezuiwa na mafuriko, aandikwe kwa alama yake ya peke yake, pasipo sababu kutajwa mbele ya darasa. Na aliyerudishwa nyumbani na shule yenyewe kwa kukosa fedha za mtihani au za chakula asiandikwe kuwa amekosa, kwa maana si yeye aliyekosa. Shule impelekayo mtoto nyumbani Jumatatu haiwezi kumnyima sifa Ijumaa.

Kuhusu rejista, njia ni rahisi na haina gharama. Halmashauri ya shule imchague mzazi mmoja asiyekuwa na mtoto katika darasa lile, aende shuleni siku asiyoijua mtu, mara mbili tu kwa muhula, ahesabu vichwa dawati kwa dawati, kisha hesabu yake iwekwe karibu na ya mwalimu. Katika vijiji vya ufuoni, mojawapo ya siku hizo na iwe asubuhi baada ya usiku wa giza, wakati omena wanapoanikwa. Na majina ya wasiokuwapo yapelekwe siku ile ile kwa mwalimu mkuu, ili apate kwenda nyumbani kwao kuuliza.