Kutoka Zizini Hadi Mdomoni: Somo kwa Familia Inayokwenda Maonyesho ya Kilimo

Mpenzi msomaji, tuseme leo ni siku ya maonyesho ya kilimo hapa Eldoret. Katika nyumba moja mtaani Huruma, mama aliamka saa kumi na moja alfajiri. Amekwisha kupika chapati na kuchemsha mayai, na sasa anawahimiza watoto wavae viatu. Baba anahesabu nauli ya matatu na pesa za kulipa langoni. Nyanya, aliyewasili jana kutoka mashambani, ameketi mlangoni na mkoba wake mapajani. Kitindamimba, mwenye umri wa miaka mitatu, hajui maonyesho ni kitu gani, lakini kaka zake wamemwambia kwamba ataona fahali mkubwa kuliko gari.

Sasa turuke siku nne mbele. Mtoto huyo amelala kitandani, hataki chakula. Anahara, na leo asubuhi mama ameona damu katika kinyesi chake. Mama anajiuliza: “Jana alikula nini? Juzi je?” Hapati jibu, kwa kuwa chakula cha jana na juzi hakikuwa na kasoro. Hakuna mtu nyumbani anayemkumbuka yule ndama mzuri aliyemlamba mtoto mkono, wala kile kipande cha chapati alichopewa dakika chache baadaye.

Hilo ndilo somo letu la wiki hii. Wazazi wengi wanapokwenda maonyesho huogopa pembe za fahali, bembea na watoto kupotea katika umati. Hayo ni mambo ya kuangaliwa, ni kweli. Lakini kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Hutoka zizini, husafiri juu ya mkono, huingia mdomoni, na dalili zake huonekana wakati familia imekwisha kuyasahau maonyesho.

MNYAMA MZIMA, KIJIDUDU NDANI

Chama cha kilimo cha ASK, ambacho huandaa maonyesho haya, kilianzishwa mwaka 1901, na maonyesho ya Eldoret kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika mwezi Machi. Mkulima huleta mnyama wake bora kabisa: Friesian aliyeoshwa akang'ara, Ayrshire mwenye kiwele kikubwa, kondoo aliyechanwa manyoya. Mtu akimwona mnyama kama huyo husema moyoni, “Huyu hana ugonjwa wowote.”

Huenda ni kweli kwamba hana. Lakini ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba ndani ya utumbo wake vijidudu ambavyo havimdhuru yeye ila humdhuru binadamu. Kimoja huitwa E. koli. E. koli ni za aina nyingi, na nyingi hazina madhara; hata ndani ya matumbo yetu zimo. Lakini kuna aina zinazotoa sumu kali, na inayojulikana zaidi huitwa O157. Vijidudu vyake vichache tu vikimezwa hutosha kumwangusha mtu. Vijidudu vingine vya zizini ni salmonela na kampilobakta, ambavyo hupatikana pia kwa kuku na bata.

Vijidudu hivi hutoka na kinyesi. Kutoka hapo huenda kwenye manyoya, kwenye ulimi wa ndama anayejilamba, kwenye nguzo za zizi, kwenye nyasi na vumbi, na kwenye nyayo za viatu. Kwa hiyo mtoto si lazima amguse mnyama. Akishika ubao wa zizi kisha anyonye kidole, imetosha.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Usidhani hizi ni hadithi za kuwatisha watu. Mwezi Agosti mwaka 1999, katika maonyesho ya kaunti ya Washington, jimbo la New York nchini Marekani, maji ya kisima kimoja yaliingiwa na E. koli. Maji hayo hayakuwa yametiwa dawa, na yalitumiwa na wauzaji wa vinywaji na barafu. Zaidi ya watu 700 walishukiwa kuugua. Wawili walikufa: mtoto wa miaka mitatu na mzee wa miaka 79.

Mwaka 2004, katika maonyesho ya jimbo la North Carolina, watu 108 waliugua, wengi wao wakiwa watoto. Safari hii chanzo hakikuwa maji, bali boma ambamo watoto waliruhusiwa kuingia na kuwapapasa kondoo na mbuzi. Watoto 15 walipatwa na ugonjwa wa figo.

Angalia vizuri, msomaji. Huko ni nchi yenye mabomba na maabara nyingi kuliko sisi. Ikiwa mambo hayo yalitokea huko, haifai sisi kujidanganya kwamba matumbo yetu yamezoea. Tumbo la mtoto wa miaka mitatu halijazoea chochote.

NI NANI ALIYE HATARINI ZAIDI

Kila mtu anaweza kuugua, lakini wako wanne wa kuangaliwa kwa makini zaidi. Wa kwanza ni mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu mkono wake hauishi kwenda mdomoni na mwili wake haujapata nguvu za kupigana. Wa pili ni mzee, kama yule nyanya wa hadithi yetu. Wa tatu ni mama mjamzito, ambaye yampasa akae mbali na kondoo na mbuzi waliozaa au wanaokaribia kuzaa, kwani kuna maradhi yatokayo kwenye uchafu wa uzazi wa wanyama hao yanayoweza kuharibu mimba. Wa nne ni mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua kwa sababu ya ugonjwa au dawa anazotumia.

Hatusemi watu hawa wabaki nyumbani. Waende, wafurahi, lakini wawe na mtu wa kuwaangalia.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Pamoja na chapati na mayai, tia vitu hivi katika mkoba: kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa plastiki, chupa kubwa ya maji ya kunawa, chupa nyingine ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, na kitambaa safi. Usitegemee kwamba utakuta bomba karibu na kila zizi. Na hata ukilikuta, huenda sabuni imekwisha. Chukua pia kofia za watoto. Eldoret iko juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na jua la Machi huchoma hata pale upepo unapokuwa baridi. Mtoto aliyekauka kwa jua atakunywa maji yoyote atakayoyaona.

Mvalishe mtoto viatu vilivyofungwa, si ndara.

UWANJANI: PANGA SIKU KWA UTARATIBU

Jambo moja dogo litakusaidia kuliko yote: usichanganye wanyama na chakula. Familia nyingi huzunguka mazizini huku watoto wakila aiskrimu, wakitafuna miwa au wakinyonya chupa za soda. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa.

Panga hivi. Asubuhi, tembeleeni wanyama wote. Wakati huo hakuna kula, hakuna kunywa, na chupa ya mtoto mchanga ibaki mkobani. Mwanasesere akianguka chini, asirudishwe mdomoni. Mwambie mtoto atazame, aulize maswali, na akitaka kumgusa mnyama amguse mgongoni, asimbusu wala asimpe vidole alambe. Mkimaliza wanyama, naweni wote, wakubwa kwa wadogo. Kisha ndipo mle, na baada ya kula muendelee na matrekta, mbegu na michezo, bila kurudi mazizini.

Namna ya kunawa ni hii: lowesha mikono kwa maji yanayotiririka, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20, kisha suuza na ukaushe. Mtu mmoja amimine maji kutoka kwenye chupa, mwingine anawe, kama tunavyofanya kwa kibuyu chirizi. Kunawa pamoja ndani ya beseni moja ni kugawana uchafu.

Siku hizi watu wengi hubeba dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti. Ni nzuri pale mikono inapoonekana safi. Lakini mkono ulioshika samadi au manyoya una uchafu unaovificha vijidudu, na dawa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya maji na sabuni.

Kuhusu chakula cha kununua, chagua kilichopikwa na kutolewa motoni mbele ya macho yako. Soseji iliyochemka inaweza kuwa salama, lakini kachumbari inayotiwa ndani yake je? Ilikatwa na mikono gani, na ikaoshwa kwa maji yapi? Barafu nayo ni maji tu yaliyoganda. Kuganda hakuui vijidudu.

MAZIWA YA KUONJA

Hapa kwetu Uasin Gishu maziwa ni heshima, na mgeni hapewi chai ya rangi. Lakini maziwa mabichi, hata yakitoka kwa ng'ombe aliyepewa zawadi ya kwanza, yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa joto kiwandani. Mbali na E. koli, yanaweza kuwa na kijidudu cha ugonjwa wa brusela. Ugonjwa huu huleta homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Unaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kunywa maziwa hayo, na wengi hudhani ni malaria au homa ya matumbo, wakameza dawa zisizohusika. Kuchacha kwa maziwa si sawa na kuchemka: mala na mursik vitengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza.

MKIRUDI HUKO HURUMA

Viatu vivuliwe mlangoni, nyayo zisuguliwe. Nguo za watoto zifuliwe, wala zisivaliwe kitandani. Kila mtu anawe tena.

Kisha, na hili ni muhimu sana, andika tarehe ya maonyesho mahali utakapoiona, labda kwenye kalenda ya ukutani. Maradhi ya E. koli kwa kawaida huanza siku tatu au nne baada ya kijidudu kuingia, ingawa yanaweza kuanza baada ya siku moja au kuchelewa hadi siku kumi. Kwa hiyo kwa siku kumi zinazofuata, mtu yeyote akihara, kumbuka maonyesho.

Mtoto akihara bila damu, mpe maji ya ORS, ukichanganya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikiwa huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kurundika. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki, ambavyo huendelea kumezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Lakini ukiona damu, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, huku ukimpa maji njiani. Nenda pia upesi ikiwa anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, au analegea. Na hata kuhara kukipungua, endelea kumtazama kwa wiki nzima: akipauka, akivimba uso, au akikojoa kidogo sana, huenda sumu imefika kwenye figo. Hiyo ni dharura. Kituo kitampa barua ya kwenda mbele ikihitajika, nasi wa Eldoret tunayo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ambayo tangu mwaka 2015 ina hospitali ya watoto katika uwanja wake.

Usinunue dawa za kuua vijidudu dukani kwa kubahatisha. Kwa aina hii ya E. koli, baadhi ya dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Dawa za kufunga tumbo nazo hazifai kwa mtoto anayehara damu, kwani huizuia sumu kutoka. Mwachie daktari uamuzi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Je, mnyama anayeonekana mzima anaweza kutuambukiza?
2. Kwa nini tule baada ya kutembelea wanyama, wala si wakati wa kuwatembelea?
3. Dawa ya kupaka mikononi inatosha lini, na haitoshi lini?
4. Tukiugua, tuhesabu siku ngapi kurudi nyuma?

Waulize watoto maswali haya mkiwa ndani ya matatu. Watoto hupenda kuwasahihisha wakubwa, na yule atakayejibu vizuri ndiye atakayemkumbusha baba kunawa.

Sasa turudi kwa yule mama tuliyemwacha kando ya kitanda. Hakukosa mapenzi, wala hakukosa usafi nyumbani kwake. Alikosa sabuni mkobani, na alikosa kuhesabu siku. Mbele ya daktari, sentensi moja ingeweza kumwokolea muda mwingi: “Daktari, siku nne zilizopita tulikwenda maonyesho, na mtoto alimshika ndama.” Ikariri sentensi hiyo, msomaji, ingawa tunaomba usiwe na haja ya kuisema. Nendeni mkamwone fahali. Mkitoka zizini, naweni.